Limeharibika au limeharibiwa?

Nilinunua sampu ya gari langu mwenyewe kwa shilingi 3,000. Aliyeniuzia ni mzee wa vyuma chakavu mwenye kibanda jirani na gereji, hapa Mwanga, Kigoma. Aliiweka kwenye mizani kwanza, akasoma kilo, akanitazama kuanzia viatu vyangu vya shule hadi usoni, kisha akataja bei ambayo haikuhusiana na kilo hata kidogo. Sikubishana. Siku ile ningetoa hata 30,000, na nadhani aliliona hilo.

Kwa asiye na gari: sampu ni beseni la bati gumu linalofungwa chini kabisa ya injini. Oili yote hutuama humo, na pampu huinyonya humo kuipeleka juu. Yangu ilikuwa na kidonda. Fundi aliifungua, akaona haifai tena, akaitupa kwenye rundo, na kijana wa gereji akaiuza pamoja na makorokoro mengine. Hakuna aliyekosea hapo, maana sampu iliyopasuka ni chuma chakavu. Mimi ndiye niliyechelewa siku kumi na tisa kujua kwamba ile ndiyo ilikuwa shahidi wangu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2021, Jumapili, tunatoka harusini Tabora. Gari ni RAV4 iliyokula chumvi nyingi. Mimi naendesha, shemeji yupo pembeni, na nyuma yupo Shangazi, shangazi wa mume wangu, amelala huku amekumbatia madumu mawili ya asali. Tulishapita Urambo na Kaliua, tukavuka Daraja la Kikwete pale Malagarasi, na sasa tulikuwa kwenye kipande cha kuelekea Uvinza ambacho wakati ule kilikuwa bado vumbi. Mbele yetu kulikuwa na lori. Ukiwa nyuma ya lori kwenye vumbi la kiangazi unaona wingu jekundu tu, na unamwomba Mungu kwamba ndani ya wingu hilo barabara bado ipo. Nikaamua kulipita. Ndipo nikasikia kitu kinagonga chini yetu, mlio mmoja mzito, kama mtu amepiga sufuria kwa mchi.

Shangazi akaamka. "Umegonga nini, mwanangu?"

"Jiwe, Shangazi."

"Simama uangalie."

Sikusimama. Lori sasa lilikuwa nyuma yetu, jua linashuka, pori kushoto na kulia, na aliyeizoea barabara ile tangu zamani anajua kwa nini watu wa Kigoma hawapendi kusimama porini jioni. Halafu gari lilikuwa linakwenda vizuri tu. Baada ya dakika kama kumi ikawaka ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili linalodondosha tone. Niliiona. Naliandika hili waziwazi kwa sababu nilichukua muda mrefu kulikubali hata moyoni mwangu: niliiona taa, na nikaendelea kama kilomita mbili nikitafuta mahali penye nyumba. Injini ikaanza kugonga, kaka-kaka-kaka, ikawa kama inakohoa, ikazima. Tukaserereka hadi karibu na kibanda cha mama anayeuza mihogo.

Shemeji, badala ya kufungua boneti, akapiga picha akaituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Tumekwama. Mtuombee." Picha hiyo nitairudia.

Kesho yake gari lilivutwa hadi Kigoma, zaidi ya kilomita mia moja, shilingi 350,000. Fundi alijaribu kuizungusha injini kwa spana, ikagoma. Akajifuta mikono. "Madamu, imenoki."

Kunoki ni neno la gereji, na kila mwenye gari nchini analiogopa kuliko neno la daktari. Ndani ya injini kuna shafti inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, imekalia beringi za chuma laini, na kati ya shafti na beringi hizo hakuna kitu ila utando mwembamba wa oili. Utando ukitoka, chuma kinasaga chuma, kinapata moto, kinakwanguana, mwisho vinashikana. Haihitaji saa nzima. Dakika chache zinatosha.

Sisi wa Kigoma tungepaswa kulijua hili kuliko watu wote. Meli yetu ya Liemba ilishushwa majini hapa Februari 1915 ikiitwa Graf von Goetzen. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, na tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini. Miaka minane chini ya ziwa, na mitambo ikaamka kwa sababu tu kuna mtu aliyekumbuka kupaka grisi. Yangu ilikaa dakika kumi na kitu bila oili.

Basi nikampigia simu wakala wa bima.

Nilikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Kwa gari la binafsi bima hiyo wakati ule ilitozwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na VAT ya asilimia 18 juu yake. Gari langu tulilikadiria milioni 18, kwa hiyo kila mwaka nilitoa 630,000, ukiongeza kodi 743,400. Ni fedha nyingi kwa mshahara wa mwalimu, na wenzangu ofisini walishanicheka: wao wanakata bima ndogo, isiyolipa gari lako mwenyewe, wanapata stika ya kumwonyesha trafiki, wanalala usingizi. Mimi nilikuwa nanunua usingizi wa aina nyingine. Kwa hiyo nilipopiga simu, sauti yangu ilikuwa ya mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake.

"Pole, Mwalimu. Imekuwaje?"

Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, ninayefundisha mnyambuliko wa vitenzi kila mwaka, nikasema: "Gari limeharibika njiani. Injini imenoki."

Limeharibika.

Ngoja nikae hapa kidogo, maana ugomvi wote wa miezi minne uliofuata umo ndani ya silabi ya mwisho ya neno hilo. Kiswahili kina kauli ya kutendwa na kina kauli ya kutendeka. Gari limeharibiwa: kuna aliyeliharibu, au kilicholiharibu, hata kama hatujamtaja. Gari limeharibika: hali imetokea, basi, hatumtafuti mtu. Watoto wa Kiswahili wanaijua tofauti hii kabla ya kujua kusoma. Mwulize mtoto aliyesimama katikati ya vigae: "Hii glasi imekuwaje?" Atakujibu: "Imevunjika, Mama." Hatasema nimeivunja, wala hatasema imevunjwa. Imevunjika, yenyewe, kwa kudra zake. Ni kauli ya heshima, tunaitumia kwa huruma na kwa kujificha, na tumeizoea mno. Maziwa yamemwagika. Shati limechanika. Ndoa imevunjika. Gari limeharibika.

Wakala aliandika nilichomwambia. Fomu ya madai ilikuja kwa Kiingereza, naye alinisaidia kuijaza kwa wema kabisa, na kwenye nafasi ya maelezo akatafsiri kauli yangu kwa uaminifu: injini iliharibika safarini. Jiwe nililitaja, ndiyo, lakini kwenye mstari wa tatu, kama kitu cha kupita tu. Ripoti ya polisi nayo, niliyoitoa siku ya pili, ilianza na maneno yaleyale, kwa sababu mtu akishazoea kueleza jambo kwa namna moja analirudia hivyo hivyo hadi kaburini.

Asesa wa kampuni, yaani mkaguzi wa uharibifu, alikuja siku ya nane. Alikuta injini imefunguliwa, vipande vimepangwa juu ya gunia. Alipiga picha za beringi zilizokwanguka, akauliza kilomita, nikamwambia zimefika 187,000. Akauliza risiti za kubadilisha oili. Nilikuwa nabadilisha kwa fundi huyuhuyu, kwa fedha taslimu na salamu, bila karatasi. Akaandika. Sampu hakuiulizia, fundi hakuitaja, na mimi sikujua kama kuna cha kutaja. Dakika ishirini, amemaliza. Hakuwa mtu mbaya, alimpa hata kijana wa gereji fedha ya soda.

Barua ilifika siku ya kumi na tisa. Nikiitoa kwenye Kiingereza chake: madai yako hayawezi kukubaliwa kwa sababu uharibifu umetokana na hitilafu ya mashine na uchakavu, mambo ambayo mkataba hauyafidii. Tundu kwenye sampu, kama lilikuwepo, linaweza kuwa limesababishwa na kipande cha ndani kilichovunjika.

"Kama lilikuwepo." Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa ofisini kwenda gereji nikiwa bado na chaki mikononi.

Kabla ya kuendelea nikubali jambo moja. Kipengele chenyewe si cha hila. Nilitoa kile kijitabu cha bima kwenye droo, kikiwa bado na pini yake, nikakisoma kwa mara ya kwanza tangu nilipie. Kinasema bima hailipi uchakavu, wala hitilafu ya mashine au ya umeme, wala kuvunjika kwa vitu kwa sababu hizo. Ni haki. Kila injini duniani inazeeka. Kama bima ingelipa injini zilizokufa kwa uzee, mimi na wewe tungekuwa tunawalipia injini wale wasiomwaga oili mwaka hadi mwaka, na hiyo asilimia 3.5 tungeitamani. Bima ya gari inalipa kinachokuja ghafla kutoka nje: kugongwa, kupinduka, moto, kuibiwa. Swali lilikuwa moja tu: injini yangu ilikufa kwa kilichotoka nje au kwa kilichokuwa ndani yake?

Na jibu lilikuwa kwenye mizani ya mzee wa vyuma chakavu, chini ya ringi mbili za pikipiki, kwa bahati tu kwamba lori lake la kubebea mzigo lilikuwa halijaja.

Niliipeleka nyumbani, nikaitandikia gazeti juu ya meza ya jikoni, nikaiosha kwa mafuta ya taa. Nisingejua cha kutazama kama si mwalimu mmoja wa ufundi wa magari wa chuo cha ufundi, ambaye rafiki yangu alinitafutia. Alikuja jioni na tochi. Hakuongea kwa muda. Kisha akanishika kidole changu cha shahada, kama anavyoshikwa mtoto wa darasa la kwanza, akakipitisha kwenye ufa.

"Unasikia kingo zinaelekea wapi?"

"Ndani."

"Kitu kikipasua kutoka ndani, kingo zinafunuka nje, kama popkoni. Hizi zimeingia ndani. Aliyepiga alikuwa nje."

Akanionyesha mikwaruzo: mirefu, imeanzia mbele ya sampu ikaenda nyuma, jinsi gari linavyokwenda na jiwe limekaa palepale. Akatoa kwa ncha ya bisibisi udongo uliogandamana kwenye ufa, mwekundu. Halafu akaigeuza sampu, akamulika upande wa ndani, pale bati lilipobonyea. Kwenye kilele cha kile kibonyeo palikuwa na alama ya duara, inang'aa, kubwa kiasi cha mdomo wa kikombe cha kahawa.

"Hapa ndipo chujio la pampu lilipobanwa," akasema. "Jiwe limesukuma bati juu, bati limekwenda kuziba mdomo wa kunyonyea oili. Kwa hiyo ulikuwa na matatizo mawili, Mwalimu. Oili inavuja, na hata iliyobaki pampu haiwezi kuivuta vizuri."

Nimefundisha miaka kumi na minne na sijawahi kuona mtu akisoma maandishi kwa utulivu ule.

Aliniandikia ukurasa mmoja na kusaini. Alikataa fedha. Shangazi akasikia, akamtumia dumu moja la asali.

Mpwa wangu anasoma sheria Dar es Salaam. Nilimpigia nikitaka kujua kama jiwe na injini vinaweza kutenganishwa kwenye sheria, kwa sababu kampuni ilikuwa na hoja nyingine ya akiba: hata kama jiwe lilipasua sampu, kilichoua injini ni ukosefu wa oili, na ukosefu wa oili ni jambo la mashine. Akacheka. "Ma'mdogo, hiyo ni meli ya Ikaria."

Ikaria ilikuwa meli ya Waingereza. Tarehe 30 Januari 1915, siku chache tu kabla meli yetu haijaguswa na maji ya Tanganyika, Ikaria ilipigwa kombora la nyambizi ya Kijerumani karibu na Le Havre, Ufaransa. Haikuzama. Ilikokotwa hadi bandarini, ikafungwa gatini. Upepo mkali ukavuma, wakuu wa bandari wakaogopa itazamia hapo na kuziba gati, wakaihamishia sehemu ya nje. Huko ikawa kila maji yakikupwa inakalia mchanga, yakijaa inaelea, hadi mgongo ukakatika na ikazama. Bima yake ililipa hatari za bahari lakini haikulipa mambo ya vita. Wenye meli wakasema: meli yetu imeuawa na bahari. Kampuni ya bima ikasema: imeuawa na kombora. Mwaka 1918 Baraza la Malordi, mahakama ya juu kabisa ya Waingereza wakati ule, likaamua kwamba ni kombora. Meli ilikuwa imeshapigwa pigo la kufa, na yaliyofuata hayakulifuta pigo hilo. Jaji mmoja wao akasema kwamba chanzo kinachotafutwa si kile kilicho karibu kwa saa, ni kile chenye nguvu zaidi, na kwamba sababu za jambo hazikai kama mnyororo, zinakaa kama wavu.

Wavu! Unamwambia hivyo mtu wa Kigoma, anayeona mitumbwi ya dagaa ikitoka Kibirizi kila usiku wa giza, unategemea asikuelewe?

Kinachochekesha ni kwamba kwenye kesi hiyo aliyeshinda ni kampuni ya bima. Lakini kanuni haina bwana mmoja. Kama kombora ndilo lililoizamisha Ikaria ingawa maji ndiyo yaliyoingia, basi jiwe ndilo lililoiua injini yangu ingawa ukosefu wa oili ndio uliokamilisha kazi. Mpwa wangu alinieleza pia kwamba Tanganyika ilipokea sheria za Kiingereza za mahakamani kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa hiyo uamuzi wa 1918 kwetu si hadithi ya ng'ambo. Hilo nililiandika kwenye barua kwa wino mweusi zaidi.

Barua yangu ilikuwa kurasa mbili na niliiandika kwa Kiswahili. Sentensi ya kwanza ilinichukua jioni nzima: "Tarehe hiyo gari langu liligongwa chini na jiwe, sampu ikapasuliwa, chujio la oili likabanwa, na kwa sababu hiyo injini ikaharibiwa." Kutendwa, kutendwa, kutendwa. Nikaambatanisha picha za sampu, ukurasa wa mwalimu wa ufundi, na picha ya shemeji. Ile ya "mtuombee". Mbele yake amesimama shemeji na huzuni yake yote, lakini nyuma yake, kwenye vumbi jekundu, unaonekana mstari mweusi wa oili ukitoka tulikotoka, mwembamba, umenyooka, mpaka unapotelea kwenye kona. Simu ilikuwa imeandika saa yenyewe: 12:41 jioni kwa saa zetu. Sijawahi tena kumsema shemeji kuhusu simu yake.

Kisha ikaja habari ya Shangazi.

Kampuni iliomba maelezo ya waliokuwemo garini. Shemeji aliandika mistari minne. Shangazi hajui kuandika vizuri, kwa hiyo mimi nilikaa naye barazani, yeye anasema, mimi naandika. Akasema kuhusu mlio, akasema kuhusu asali, akasema: "Nikamwambia asimame aangalie. Hakusimama."

Kalamu ikasimama.

"Shangazi, hilo nalo niliandike?"

"Kwani hukunisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi andika."

Niliandika. Nimeulizwa na wenzangu zaidi ya mara moja kwa nini, na sina jibu la kishujaa. Alikuwa ananiangalia mkono. Halafu aliweka dole gumba chini ya karatasi, na dole gumba la Shangazi si kitu cha kuchezea.

Majibu yalikuja baada ya wiki tano. Kampuni iliondoa neno uchakavu. Iliondoa hitilafu ya mashine. Ilikubali kwamba kulikuwa na ajali, na kwamba jiwe ndilo lililopasua sampu. Nilisoma aya hiyo nimesimama. Aya ya pili niliisoma nimekaa. Ilinielekeza kwenye kipengele kingine cha kijitabu kilekile, ambacho siwezi kusema sikukiona: baada ya ajali, gari likiendeshwa kabla ya kutengenezwa, uharibifu utakaoongezeka ni juu ya mwenye bima. Dakika kumi. Kilomita mbili baada ya taa. Shahidi wangu mwenyewe alisema aliniambia nisimame. Kwa hiyo watalipa sampu na gharama ya kuvuta gari. Injini ni yangu.

Hapa ndipo ugomvi ulipoacha kuwa wa jiwe ukawa wa kwangu. Zile dakika kumi za kwanza nilikuwa tayari kuzitetea popote: sikujua kama kuna ufa, taa haikuwaka, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kuendesha gari linaloonekana zima. Ilikuwa zile kilomita mbili. Nilimwuliza mwalimu wa ufundi: injini ilikufa kabla ya taa au baada yake? Akawa mkweli mpaka nikakasirika. Alisema taa hiyo huwaka shinikizo la oili likiwa limeshashuka sana, kwa hiyo beringi zilishaanza kuumia, lakini kama ningezima papo hapo huenda shafti ingepona. Huenda. Hakuna tochi ya kuingia kwenye neno huenda.

Dada yangu anaishi Tabora, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina ofisi ya kanda hukohuko. Alikwenda kuuliza kwa niaba yangu. Alichorudi nacho ni hiki: malizana kwanza na kampuni kwa maandishi, upate msimamo wao wa mwisho, na usiporidhika ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoundwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Niliiandika kauli hiyo kwenye barua yangu ya tatu, kwa adabu, mstari mmoja tu: kwamba tusipoelewana nitalipeleka jambo kwa Msuluhishi, pamoja na sampu yenyewe. Sijui ni Msuluhishi au ni sampu iliyowagusa. Baada ya siku sita walinipigia simu kuomba tuzungumze.

Tulizungumza kwa simu, mara tatu, na afisa wa madai mwenye sauti ya upole aliyeniita "dada" mwanzo na "mwalimu" mwisho. Madai yangu yote yalikuwa 3,600,000: injini ya mtumba 2,600,000, sampu 180,000, kuvuta 350,000, ufundi 300,000, oili na gasketi na vikorokoro 170,000. Walianza na sampu na kuvuta tu, 530,000. Mimi nilianza na yote. Tukaishia hapa: sampu na kuvuta kwa ukamilifu, na asilimia 60 ya vilivyobaki. Hiyo 60 haikutoka kwenye kipimo chochote cha beringi. Ilitoka kwa watu wawili waliochoka, mmoja ana mafaili mengine mezani, mwingine ana mitihani ya kusahihisha na anapanda bajaji kwenda kazini. Ikawa 2,372,000, wakatoa asilimia kumi ambayo kwa mkataba wangu kila mdai hubeba mwenyewe, 237,200, zikaingia kwenye akaunti 2,134,800. Zilizobaki, 1,465,200, nilikopa SACCOS na nimemaliza kuzilipa.

Ningeweza kwenda kwa Msuluhishi. Mpwa wangu alitaka sana niende, maana yeye anaiona Ikaria kila mahali. Nilikataa kwa sababu nilijua swali la kwanza nitakaloulizwa, na nilijua jibu lake, na dole gumba la Shangazi lilikuwa chini yake.

Sampu bado ninayo. Muhula uliofuata niliibeba kwenye mfuko wa salfeti hadi Kidato cha Tatu, siku ya kauli za vitenzi, nikaiweka juu ya meza. Niliandika ubaoni: Gari limeharibika. Gari limeharibiwa. Nikawapitishia wavulana na wasichana arobaini na kitu, kila mmoja apitishe kidole kwenye ufa aseme kingo zinaelekea wapi, kisha aniambie ni sentensi ipi iliyo sahihi na kwa nini. Walifurahi, hasa kwa sababu mikono ilichafuka. Karibu wote wakachagua ya pili.

Kijana mmoja wa nyuma, asiyesema sana, akanyoosha mkono. "Madamu, mbona hujaandika kauli ya kutenda?"

"Ungeiandikaje?"

Nikampa chaki. Akaja mbele taratibu, akafikiri, akaandika chini ya zangu kwa mwandiko mzuri tu: Madamu ameharibu gari.

Darasa likalipuka. Kengele ikalia katikati ya kicheko, nikakusanya daftari na sampu yangu, na ubao sikuufuta. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyeikuta.